Maji ya Ndoo

Kila asubuhi Tegan Purcell alibanika vipande viwili vya mkate, akavipaka siagi, akavitia kwenye mkoba pamoja na tofaa, kisha akatoka uani kutazama kama majivu ya miwa yameangukia nguo. Katika mji wa Ayr, msimu wa mavuno ukifika, mashamba ya miwa huchomwa moto jioni kabla ya kukatwa, na majivu meusi huelea juu ya mapaa ya mji mzima. Mwenye akili huanua nguo zake mapema. Mama yake Tegan alikuwa na akili hiyo. Tegan na baba yake walianua walipokumbuka, yaani baada ya majivu kuanguka, wakazifua upya, na zilipokauka wakazitupa mahali palipokuwa karibu zaidi na mlango wa nyuma.

Mahali penyewe palikuwa ndani ya tangi la samaki. Lilikuwa tangi la kioo, kubwa, limekaa kavu juu ya kabati lake sebuleni. Mama alilinunua mwezi wa kwanza kwa watu waliokuwa wakihama. Alisema atalijaza maji ya chumvi afuge samaki wa baharini, na kwamba Tegan atamsaidia kuchagua kichujio, kwa sababu anayeanza kufuga akikosea kichujio hana samaki. Kisha akaugua ghafla, akapelekwa hospitali ya Townsville, na huko akafariki mwezi wa tatu. Tangi likajaa soksi.

Tangu hapo watu wote wa Ayr waliokutana na Tegan walimuuliza kama yuko sawa. Mwalimu alimuuliza, muuza mkate alimuuliza, hata jirani mmoja aliyekuwa hasemi na mtu alimuuliza akichungulia juu ya ua. Tegan aliwajibu wote neno moja: sawa. Naye hakuona kwamba anadanganya. Alipojipapasa moyoni hakukuta kinachouma. Kulikuwa na ganzi tu, kama ya ufizi baada ya sindano ya meno. Watu wakasifu jinsi mtoto yule alivyotulia kama maji ya mtungini, wakaenda zao wakiwa wamefarijika.

Baba yake, Glenn, alikuwa dereva wa garimoshi dogo la kubebea miwa. Alirudi nyumbani akinuka molasi, akapasha moto pai za nyama, wakala wawili mbele ya televisheni. Naye walimuuliza kazini. Naye alikuwa sawa.

Siku moja alasiri, mwishoni mwa mwezi wa saba, Anti Merle alisimamisha gari lake mbele ya nyumba. Huyu ndiye mwenye duka la samaki wa baharini nyuma ya nyumba yake, karibu na barabara ya ufukweni, na kila mtoto wa mji ule humwita Anti. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi, asiyezunguka katika maneno. Alikataa chai. Alisema kliniki ya meno inatengenezwa upya na wakubwa wake hawataki tena tangi la samaki kwenye chumba cha kungojea. Wanataka televisheni.

Mama yake Tegan alikuwa akifanya kazi kwenye kliniki hiyo, akiwapokea wagonjwa. Tangi lilikuwa la kliniki, lakini mtunzaji alikuwa yeye. Ndani mlikuwa na viumbe wawili tu aliowapenda kweli: samaki wa njano, mrefu kama kidole cha mtu mzima, na kamba mdogo mwenye koleo moja kubwa. Wenye kufuga humwita samaki huyo mlinzi. Kamba wake haoni vizuri. Kutwa anachimba shimo lao wote wawili, huku papasi yake, ule unywele mrefu wa kichwani, ameiweka juu ya mkia wa mlinzi. Mlinzi akitikisa mkia, kamba anajua hatari imekuja, wote wanaingia shimoni. Mama alikuwa akiwaamkia kila asubuhi kabla ya kuwafungulia wagonjwa mlango.

Anti Merle alisema atawachukua wale wawili akae nao dukani. Kuna bwana mmoja wa Townsville, Bwana Vukovic, amewataka, kwa kuwa mlinzi na kamba waliokwisha kuzoeana hawapatikani kila siku. Lakini nyumba hii ina haki ya kwanza. Kama tangi la Tegan litakuwa tayari kabla ya likizo ya mwezi wa tisa kwisha, ni wao. Lisipokuwa tayari, Bwana Vukovic atakuja kuwachukua Jumamosi ya mwisho ya likizo, maana tayari amekwisha kuahidiwa.

Baba akamgeukia Tegan akamuuliza anaonaje. Tegan akasema ni sawa tu. Alipoondoka Anti Merle, wakatoa soksi ndani ya tangi.

Jumamosi wakaenda dukani. Cody, mtoto wa dada yake mama, akadandia pikapu ya baba ili atoe ushauri. Cody alikuwa na miaka kumi na minne na samaki watatu wa dhahabu wa maji baridi, na kwa ajili hiyo alijiona profesa wa bahari.

Anti Merle akawapanga mbele ya meza akawaonyesha vichujio vya aina tatu. Cha kwanza kilikuwa kisanduku kinachoning'inizwa nyuma ya tangi. Ni chepesi, na kinafaa tangi dogo kuliko lao. Cha pili kilikuwa mtungi mweusi unaofungwa ukakaa kabatini, ndani una sifongo na vipande vya kauri. Maji yanapita humo yanarudi yanang'aa siku ile ile. Cha tatu hakikufanana na kichujio hata kidogo: mawe yaliyotoboka toboka, yenye vijidudu hai visivyoonekana kwa macho, pampu ya kuyasukuma maji yasilale, na bomba la plastiki linalotoa povu, lenye kikombe juu. Povu linapanda na uchafu linamwagikia kikombeni. Hicho, Anti alisema, kinataka wiki nyingi kabla tangi halijakubali samaki, na katika wiki hizo mtu anaona tope na anasikia harufu.

Cody akasema hapo hapo kwamba jibu ni mtungi. Kwake nyumbani ana mtungi, na maji yake mtu anaweza kusoma gazeti kupitia ndani yake.

"Unaufungua lini kuuosha?" Anti Merle akamuuliza.

"Kuosha nini, Anti? Umefungwa ule. Uchafu wote umo ndani."

"Basi umefuga uchafu, na samaki watatu wa kuusindikiza." Akamwacha, akamtazama Tegan. "Mwenye tangi ni wewe. Unataka kipi?"

"Chochote," akasema Tegan.

"Chochote siuzi. Ningekuwa nauza chochote ningekwisha kutajirika."

"Kile unachoona kizuri, Anti."

"Mimi sitakuwepo nyumbani kwenu. Nenda ukafikiri. Ukirudi na jina la kitu na sababu, nitakuuzia."

Wakarudi mikono mitupu. Njia nzima Cody alieleza uzuri wa mtungi, na Tegan alitazama miwa ikipita dirishani.

Jumatatu, baada ya shule, akapitia kliniki. Mafundi walikuwa bado hawajaanza, na mpokezi mpya akamruhusu aingie. Tangi lilikuwa mahali pake. Mlinzi alikuwa amekaa mdomoni mwa shimo, na kamba nyuma yake anasukuma mchanga nje, koleo kwa koleo, papasi mkiani mwa mwenzake. Tegan akawatazama kitambo. Hakusikia chochote, na kutosikia chochote kukamchosha.

Akachuchumaa akafungua mlango wa kabati chini ya tangi. Lilikuwemo bomba la povu kama lile la dukani, na kikombe chake kilikuwa kimejaa maji meusi. Ilionekana hakuna aliyekikumbuka tangu mtunzaji wake aondoke. Akakifungua. Harufu ikampiga usoni, harufu ya bahari iliyooza. Papo hapo akakumbuka jikoni kwao siku za Ijumaa, mama ameingia kutoka kazini, viganja mbele vikinuka hivyo hivyo, anamkimbiza mezani akimwambia anuse, anuse tu, na Tegan anapiga kelele na kucheka. Kitu kikajigeuza ndani ya ile ganzi, kidogo, kisha kikalala tena. Akakimwaga kikombe chooni, akakisuuza, akakirudisha.

Kesho yake akamwambia Anti Merle kwamba anataka mawe na bomba la povu.

"Sababu?"

"Mtungi unaficha uchafu ndani. Hili bomba linautoa nje, mtu anauona." Akakigusa kikombe cha juu. "Na mama alitumia hili."

Anti Merle akasema sababu ya pili peke yake ingetosha, ila amefurahi kuisikia na ya kwanza.

Wakaanza. Baba akakoroga chumvi ya tangi katika ndoo kubwa nyeupe, wakajaza kioo, wakapanga mawe, wakawasha pampu na bomba. Anti akawaagiza watupe ndani kamba mmoja mbichi wa kula, wa kuchukua kwenye friji, wamwache aoze. Akioza atatoa sumu iitwayo amonia, na sumu hiyo ndiyo chakula cha bakteria wanaokaa kwenye mawe. Wakishiba watazaliana. Wakizaliana wa kutosha, kila sumu inayotoka kwa samaki wataila siku ile ile. Wale wadudu wasioonekana ndio kichujio chenyewe, akasema. Mashine ni wasaidizi wao tu.

Akawapa pia vichupa vitatu na dawa za kudondoshea. Kichupa cha kwanza ni cha amonia: kikiwa njano maji ni salama, kikiwa kijani kuna sumu. Cha pili ni cha sumu ya kati, ile inayobaki bakteria wakiwa wamefika nusu ya kazi: buluu ni salama, zambarau ni hatari. Cha tatu ni cha kile kinachobaki mwishoni, kisichodhuru kikiwa kidogo. Hicho huanza na njano kikaenda kuwa rangi ya chungwa. Baba akamuuliza Anti kama kuna la ziada la kujua. Akaambiwa lililobaki ni kungoja, na hilo halina dawa.

Basi wakangoja. Kila Jumapili baada ya chakula, baba na mtoto walisimama mbele ya vichupa kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Kijani. Jumapili iliyofuata, kijani zaidi. Kioo kikaota vumbi la kahawia. Kikombe cha povu kikajaa, na Tegan akawa anakimwaga kila Ijumaa. Sebule ikanuka.

Cody alikuja siku moja, akaziba pua, akazunguka tangi mara mbili.

"Anko," akasema, "hongereni. Mmefuga tope. Limeshataga?"

Baba akacheka kwa sauti, kisha akashika mdomo kama mtu aliyejisikia akiimba msikitini. Tegan akamtazama. Alikuwa amesahau baba yake anachekaje.

Likizo ikaja, ikaanza kuyoyoma. Anti Merle alikuwa amesema Tegan amletee chupa ya maji ya tangi Ijumaa ya mwisho, ayapime mwenyewe. Vichupa vyake vikikubali, Tegan ataondoka na mlinzi na kamba. Visipokubali, Bwana Vukovic anakuja kesho yake asubuhi.

Alhamisi Tegan akapima peke yake. Kichupa cha kwanza kilikuwa kijani hafifu. Cha pili kilikuwa zambarau iliyokolea. Akavipima tena, labda alikosea matone. Havikubadilika.

Sasa hapo ndipo alipojua kwamba anawataka wale wawili. Si kwamba ni sawa tu, anawataka. Aliwaona ndani ya mfuko wa Bwana Vukovic, wanakwenda Townsville kwa barabara ile ile aliyopelekwa mama, nao hawarudi. Hofu ilimshika. Ilikuwa hisia ya kwanza kumjia waziwazi tangu mwezi wa tatu, na hakuwa na mazoea nayo.

Pembeni ya tangi ilikuwepo ndoo nyeupe, imejaa maji mapya ya chumvi, yaliyokorogwa jana kwa ajili ya kubadilishia. Maji safi kabisa, hayajagusa jiwe wala kamba aliyeoza. Ijumaa, baba alipokuwa anatafuta funguo za pikapu, Tegan aliinama akaijaza chupa ndani ya ndoo.

Dukani baba alibaki nje. Simu kutoka kiwanda cha sukari ilimkuta mlangoni. Tegan akaingia, akaiweka chupa mezani. Anti Merle akadondosha dawa, akavitikisa vichupa vitatu, akavisimamisha kwenye kibao chake. Rangi hutaka muda kutulia. Akiwa anangoja, alichukua wavu akamtega mlinzi, akamtia katika mfuko wenye maji. Kamba akamtia katika mfuko wa peke yake, maana wakisafirishwa pamoja huumizana. Akaiweka mifuko miwili mezani, bega kwa bega.

Kisha akarudi kwenye vichupa. Njano. Buluu. Akakiinua cha tatu, akakielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama muda mrefu kuliko alivyovitazama vingine. Nacho kilikuwa njano.

"Haya maji umeyatoa ndani ya tangi?" akauliza.

"Ndiyo."

"Lile lenye mawe?"

"Ndiyo, Anti."

Anti Merle akakirudisha kichupa kibaoni. Akasema basi achukue mifuko, lakini aibebe mwenyewe, kwa mikono yake.

Tegan akaichukua. Mfuko wa mlinzi ulikuwa na uzito wa chungwa. Mlinzi aligeuka akamtazama kwa yale macho yake yaliyotoka juu ya kichwa. Katika mfuko wa pili kamba alikuwa anapunga papasi yake huku na huku ndani ya maji, anatafuta mkia, anakuta plastiki, anatafuta tena. Tegan akapiga hatua kuelekea mlangoni. Alijua rangi ya zambarau inafanya nini kwa samaki. Anti alikuwa amemwambia: kwanza anapumua upesi upesi, kisha analala ubavu. Akawaona wamelala ubavu sebuleni kwao, pale zilipokuwa soksi.

Akageuka, akairudisha mifuko mezani taratibu.

"Si ya tangi," akasema. "Ni ya ndoo. Ya tangi ni zambarau."

Alidhani atafokewa. Anti Merle alivua miwani yake ikaning'inia kwenye uzi, akavuta kiti akaketi.

"Najua," akasema. "Nilijua tangu kichupa cha tatu. Nilikuwa nakungoja wewe tu, na usingeuvuka mlango ule na samaki wangu. Njoo uone." Akamsogezea kibao. "Tangi lililofanya kazi halitoi njano hapa. Bakteria wakishakula sumu yote, kuna kitu wanakibakisha, kidogo, na hicho hukipaka kichupa rangi ya chungwa. Ndiyo alama kwamba maji yamepitia jambo na yamelimaliza. Maji yasiyo na alama yoyote si maji mazima, mwanangu. Ni maji ambayo hayajaishi na mtu."

Tegan akajaribu kusema samahani. Pua ikamchoma, macho yakajaa, na kabla hajajua nini kinatokea alikuwa analia, kwa kwikwi, kamasi na kila kitu, kichwa juu ya meza ya Anti Merle kati ya mifuko miwili. Haikuwa kwa ajili ya mlinzi peke yake. Alilia kilio alichokuwa ameweka tangu mwezi wa tatu. Anti Merle hakumwambia anyamaze. Alifungua mifuko, akawarudisha mlinzi na kamba kwenye tangi lao la dukani ili wasikae katika maji finyu, akarudi akaketi.

Baba aliingia akiwa bado na simu mkononi, akamkuta mtoto wake katika hali ile. Anti akamweleza kwa maneno machache. Baba akasimama. Alikuwa mtu mkubwa na duka lilikuwa dogo, akakosa pa kuiweka mikono yake, mwishowe akaiweka mabegani mwa Tegan.

Likabaki la Bwana Vukovic. Anti Merle akasema ahadi ni ahadi, na yeye hataivunja kwa kumdanganya mtu kwamba samaki wamekufa au wamepotea. Ila Bwana Vukovic ana masikio. Akabonyeza namba, akampa Tegan simu.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie yaliyopo. Ya tangi, si ya ndoo."

Upande wa pili ikaitika sauti nzito ya mzee. Tegan akajitambulisha, akasema tangi lake halijawa tayari kama ilivyotakiwa, na kwamba leo alileta maji ya uongo ili awapate mlinzi na kamba. Mzee akauliza kwa nini afanye hivyo kwa ajili ya samaki mmoja na kamba. Tegan akakaza simu sikioni.

"Walikuwa wa mama yangu," akasema. "Mama yangu amefariki."

Hakuwahi kuyatamka maneno hayo. Wengine ndio waliokuwa wakiyasema, wakiyapunguza makali: ametutoka, amepumzika. Mzee akampa pole. Kisha akasema kwamba yeye ana tangi kubwa na subira ya kutosha, Anti amtafutie wengine wakipatikana, na Tegan asiwatie hawa majini kabla ya wakati. Akarudia hilo la mwisho mara mbili.

Njiani kurudi nyumbani pikapu ilisimama kwenye makutano, garimoshi la miwa likapita mbele yao. Baba alimpungia dereva mwenzake. Mabehewa ni mengi na yanakwenda polepole, mtu hana la kufanya ila kutazama.

"Tegan," akasema akiwa anatazama mabehewa. "Kazini wakiniuliza niko sawa, unajua nawapa nini?"

Tegan akatikisa kichwa.

"Nawapa maji ya ndoo. Kila siku. Na wewe nakupa hayo hayo mezani." Akafuta kioo cha mbele kwa mkono, ingawa kilikuwa safi. "Usiku nikiosha vyombo vyetu viwili natamani kuvitupa. Hiyo ndiyo ya tangi."

"Mimi sikuwa nasikia kitu, Baba. Kabisa. Nilidhani nina ubaya fulani."

"Huna ubaya. Mimi nami nilikuwa hivyo, nikadhani ndiyo kuwa imara."

Behewa la mwisho likapita. Baba hakuondoa gari mpaka aliyekuwa nyuma yao alipopiga honi.

Kwa adhabu, na Anti Merle hakuiita kwa jina jingine, Tegan akawa anakwenda dukani kila Jumamosi kuosha vikombe vya povu vya matangi yote. Alirudi nyumbani ananuka. Siku ya kwanza alimkuta baba yake jikoni, akasimama akiwa na shaka kidogo, kisha akamnyooshea viganja akamwambia anuse. Baba akakimbilia upande wa pili wa meza.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa kumi, moto wa miwa umepungua, vichupa vilipotoa njano, buluu, na cha tatu rangi ya chungwa. Walimwita Anti Merle aje ayapime mwenyewe, akitumia maji aliyoyateka kwa mkono wake. Safari hii alikuja na mifuko garini, jambo lililoonyesha alikuwa na imani kuliko alivyosema. Cody naye alikuja, akakiri kwamba tope limefanya vizuri, na akaomba kwa sauti ya chini afundishwe kufungua mtungi wake.

Mlinzi alishuka mchangani, akajificha nyuma ya jiwe. Kamba aliachwa upande wa pili kwa bahati mbaya. Alitambaa akipapasa mawe, akapotea, akarudi, akapapasa tena. Wote wanne waliinama mbele ya kioo. Hatimaye unywele wake ukagusa kitu cha njano. Kamba akatulia. Kisha akaanza kuchimba.

Anti Merle akanyoosha mgongo wake kwa kuugulia, akasema neno lake kabla ya kuondoka, na alilisema akimtazama Tegan na baba yake pia.

"Kuchagua kichujio kizuri ulichagua vizuri, tangu mwanzo. Lakini kichujio hakiwezi kusafisha unachokificha. Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua, nao hawakuwa na vichupa. Sema rangi yako ilivyo, hata kama ni mbaya. Anayejua rangi yako ndiye anayeweza kukungojea."

Alipokwisha kuondoka, na Cody kwenda na mkate wa mwisho, baba alianua nguo kabla ya jioni, safari hii kwa wakati. Alisimama mlango wa nyuma akiwa amezikumbatia, akatafuta pa kuziweka, akacheka peke yake, akaziweka kitandani. Kisha akaja akaketi sakafuni mbele ya tangi, kando ya Tegan.

"Uko sawa?" akauliza, kwa mazoea.

Tegan alifikiri. Ndani ya kioo kamba alikuwa anatoa mchanga, na mlinzi amemtegea mkia.

"Cha kwanza njano," akasema. "Cha pili buluu. Cha tatu rangi ya chungwa."

"Hata changu," akasema baba.